Mahindi yameota ukungu, nikiosha nisage ya uji wa mtoto ni sawa?

Dada pole, najua gunia zima linauma, ila hapana, usimpe mtoto huo uji. Huo ukungu unaweza kuacha sumu inaitwa sumukuvu, haitoki kwa kuosha wala kuanika tena, na moto wa jikoni hauimalizi hata uchemshe saa nzima. Na usiseme mbona hayanuki, sumu yenyewe haina harufu wala rangi. Kenya mwaka 2004 kule Makueni na Kitui watu 317 waliugua wakafa 125, na hapa kwetu 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa pia, ni mahindi ya nyumbani tu wamevuna wenyewe. Inapiga ini.

Usiwape kuku wala ng'ombe, maana ng'ombe akila inapita mpaka kwenye maziwa anayokunywa huyohuyo mtoto. Fukia mbali.

Msimu ujao anika juu ya turubai, sio chini kwenye udongo, halafu kabla hujaweka stoo chukua chupa ya glasi kavu kabisa, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa kama dakika mbili uache itulie robo saa hivi, ukiona chumvi imegandia kwenye kuta za chupa bado mabichi, rudisha juani. Yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu chambua utoe, ndo yanabeba sumu nyingi.

Mtoto kama ameshakula na macho yanakuwa ya njano, anatapika au tumbo limevimba, nenda hospitali leo leo usisubiri.