Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Kiingereza Katika Shule ya Japani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Fasihi. Nina shahada ya ualimu, na kwa miaka mitatu sasa nimeajiriwa na bodi ya shule huku nikisubiri kuajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Nimeitwa kwenye mahojiano ya kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule za mji mdogo huko Japani. Rafiki zangu hunieleza habari za treni na samaki mbichi tu. Ningependa kujua siku ya kazi ya mwalimu mgeni huwaje, tangu anapofika shuleni hadi anapotoka.
Mwalimu wa BOM, Kakamega

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kazi hiyo niliifanya kwa miaka mitatu kabla ya kurudi Nakuru, na jambo la kwanza ninalotaka ulielewe ni cheo chenyewe. Utaitwa ALT, yaani mwalimu msaidizi wa lugha, na neno la kushika hapo ni msaidizi. Wewe uliyezoea kuingia peke yako katika darasa la wanafunzi sitini, utasimama kando ya mwalimu Mjapani ambaye ndiye mwenye somo, mwenye kutunga mtihani na mwenye kutoa alama. Siku nyingine atakuachia kipindi chote. Siku nyingine atakutaka usome aya moja kwa sauti, darasa likufuate, kisha unyamaze. Miezi ya kwanza jambo hili liliniuma kuliko baridi.

Siku huanza mlangoni. Viatu vya nje huvuliwa na kuwekwa kwenye kabati, ukavaa vya ndani. Nenda na jozi yako ikiwa una mguu mkubwa, kwa maana ndara za wageni zitaishia katikati ya wayo. Kisha unaingia chumba cha walimu, ambako meza zimepangwa zikitazamana na naibu mwalimu mkuu ameketi mahali pa kuwaona wote, na unawaamkia kwa sauti: "Ohayo gozaimasu." Asiyeamkia watu hujulikana siku hiyo hiyo, lakini aliyelelewa Ingo, yaani huko kwenu magharibi, hahitaji kufundishwa hilo.

Mpangilio wa shule hautakupa shida, kwa sababu ni miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini na mitatu ya juu, kama tulivyopanga katika mtaala wetu mpya, ila mwaka wao huanza Aprili na kwisha Machi. Kipindi ni dakika 45 katika shule ya msingi na 50 katika sekondari. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la 5 na la 6, nao wa darasa la 3 na la 4 huonjeshwa kwa nyimbo na michezo, kwa hiyo huenda ukapangiwa shule kadhaa kwa juma moja na kubeba viatu vyako vya ndani kama fundi abebavyo vyombo vyake.

Chakula cha mchana huliwa darasani. Watoto wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, wakawapakulia wenzao wali, supu na samaki, na hakuna anayegusa chakula kabla ya wote kusema "Itadakimasu". Kila mmoja hupewa maziwa ya mililita 200, na mtu wa rika langu atakumbuka mara moja maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni. Usiombe radhi ukakimbilie mezani kwako, kwani katika dakika hizo za kula nilifundisha Kiingereza kingi kuliko ubaoni. Watakuuliza kama unakimbia. Samuel Wanjiru, aliyetwaa dhahabu ya marathoni mjini Beijing mwaka 2008, alisoma sekondari mjini Sendai, na Wakenya huonekana kila mwaka katika mbio zao za kupokezana, basi usishangae wakidhani sote ni wa mbio. Mimi sijawahi kukimbilia chochote ila matatu. Mtaje pia Wangari Maathai, ambaye mwaka 2005 alilipenda neno lao "mottainai", la kusikitikia kitu kinachopotea bure, akalitangaza duniani.

Baadaye shule nzima husafisha. Sisi pia tulipiga deki tukiwa wanafunzi, lakini mwalimu wa zamu alisimama na kiboko akitukagua, ilhali huko mwalimu huinama pamoja na watoto. Chukua kitambaa, uiname.

Kinachowashinda wengi ni saa tupu. Kuna siku za vipindi viwili tu, na mwezi Agosti wanafunzi wakiwa likizoni huenda ukatakiwa kuketi mezani siku nzima, labda uombe siku zako za mapumziko. Nilikuwa nimezoea marundo ya insha za kusahihisha, nikajiona kama mtu aliyesahauliwa. Nilianza kujifunza hiragana, herufi 46 za mwanzo, nikimwonyesha jirani yangu daftari langu kila alasiri, na kwa daftari hilo walimu wakaanza kunizungumzisha. Ukiondoka utasema "Osaki ni shitsurei shimasu", yaani unaomba radhi kwa kuwatangulia, nao watakujibu "Otsukaresama desu", maneno ambayo Mwingereza hupata taabu kuyatafsiri, lakini sisi tunayo tangu zamani: pole na kazi.

SWALI: Mimi ni Mjaluo, na wenzangu hunicheka kwa kuwa "sh" hunitoka kama "s". Je, nitaweza kweli kufundisha matamshi ya Kiingereza kwa Wajapani?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ndugu yangu, wewe na wanafunzi wako mtakutana njiani, kwa sababu Mjapani naye hugeuza "s" kuwa "sh" inapofuatwa na "i". Jirekodi, jisahihishe, kisha uwaeleze watoto kwamba nawe unapambana na sauti hiyo hiyo. Mtoto humwamini mwalimu aliyepita njia anayomwelekeza. Hapa Nakuru tunao wengi wanaochanganya "l" na "r", na Wajapani wana sauti moja tu mahali pa hizo mbili.

Tena Kiswahili kitakufaa zaidi ya unavyodhani. Irabu zao tano zinafanana sana na zetu, na maneno wanayokopa huyafungia irabu kama tufanyavyo sisi: hoteli kwao ni "hoteru", shati ni "shatsu", basi ni "basu", na keki ni keki, ila huvutwa kidogo. Wakifundishwa herufi za Kirumi katika darasa la 3, huzisoma jinsi zilivyoandikwa, hivyo neno la Kiingereza "name" mtoto atalisoma na-me, kama angelisoma mtoto wa Ahero aliyejua Kiswahili pekee. Mwalimu kutoka London huona hapo uzembe, nawe utaona kanuni. Jihadhari tu na jina la dubu kwa Kijapani, ambalo kwetu ni tusi: watoto hulitamka bila kosa lolote, picha za dubu ziko kila mahali, na itakubidi uukaze uso. Mhariri amenikataza nisilichapishe hapa.

SWALI: Binti yangu anafundisha huko tangu Aprili. Hunipigia simu saa saba za usiku akisema ndipo anapokwenda kazini. Sijui kama ni kweli.
Mama, Bungoma

JIBU: Mama, ni kweli. Japani imetutangulia kwa saa sita mwaka mzima, kwa hiyo saa saba zako za usiku ni saa moja yake ya asubuhi. Mwambie apige akitoka shuleni saa kumi na moja jioni, ambapo kwako itakuwa saa tano asubuhi.