Jibu: Nina stashahada ya uhasibu, uzoefu sina

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi na stashahada yako wakati kila tangazo linataka uzoefu wa miaka 2. Nafasi za serikali omba, lakini usikae huko Wete, Pemba, ukizingojea hizo tu.

Mimi nilianzia duka la jumla la mchele na unga, Darajani, mjini Unguja. Madeni ya wateja yalikuwa kwenye daftari lililochanika jalada, mengine yameandikwa kwa penseli na yameshafifia. Nikamwomba mwenye duka wiki 2 bila ya malipo, nikayaingiza yote kwenye kompyuta: jina, tarehe, kilichobaki. Wiki ya tatu akaanza kunilipa, na barua yake ndiyo iliyonipatia kazi hotelini.

Hoteli za ufukweni huku Unguja, za Nungwi na Paje, usizifuate katikati ya masika, wageni huwa wachache na baadhi hufunga kabisa. Nenda mwishoni mwa Mei, wakijiandaa na msimu wa Juni. Nenda mwenyewe, barua mkononi, uombe kuonana na mhasibu. Ukimwachia mlinzi getini mara nyingi haifiki.

Na fildi, yaani mafunzo ya kazini uliyofanya ukiwa chuo, iandike kwenye wasifu wako. Huo ni uzoefu, wallahi, wengi wanausahau.