Bodi tatu kati ya kumi zinachemsha regyuleta

Ndugu, umesema kwenye bodi zako tatu kati ya kumi regyuleta ya 7805 (kifaa kinachoshusha umeme hadi volti 5) inachemka ukiwasha tu. Basi usizirudishie umeme kwanza. Weka multimita kwenye omu, pima kati ya laini ya volti 5 na graundi. Subiri namba itulie, maana kapasita hujichaji wakati unapima. Ikibaki chini ya omu chache huku bodi zisizo na tatizo zikisoma juu zaidi, una shoti: tafuta lehemu iliyounganisha miguu ya chipu, au kapasita ya elektroliti iliyogeuzwa (mstari ni upande wa hasi).

Ukiunda bodi nyingine, tafadhali, chomelea regyuleta na kapasita zake peke yake, punguza mkondo wa pawa saplai hadi miliampea 50, hakikisha unapata volti 4.8 hadi 5.2, ndipo uweke chipu.