Usimpeleke mwanafunzi kwenye mhadhara bila swali lake mwenyewe

Juzi mwalimu mmoja wa Manyoni kanitumia meseji, madam nimeona picha zako na wanafunzi kwenye ule mhadhara wa safari za sayari hapo Dodoma, uliwezaje, maana mimi wa kwangu nikiwatoa wakirudi wanasimulia soda tu. Nimeona nijibu huku, si yeye peke yake anayeuliza, na kusema kweli bado nina furaha ya ile siku nilikuwa natafuta tu kisingizio cha kuisimulia.

Mambo ya kukodi kosta, barua za wazazi na kumfuata mkuu wa shule asaini mnayajua, siwachoshi. La kwangu ni moja, kila mtoto aende na swali lake. Lake, sio ulilomtungia wewe.

Kabla ya safari kila mwanaklabu alitakiwa aniletee swali kwenye karatasi. Yalikuja yale yale, sayari kubwa kuliko zote ni ipi, je sayari ya Mars kuna viumbe. Nikayarudisha yote. Nikawaambia hayo yapo kitabuni, niletee kitu unachokijua wewe kutoka kwenu, afu uulize huko Mars kinakuwaje. Wakanuna. Nikawachokoza na kastori kamoja tu, kwamba kuna roboti mbili, Spirit na Opportunity, zilitua Mars Januari 2004, zilipangiwa kufanya kazi siku 90, zilikuwa zinatumia sola, na Mars ni vumbi tupu. Nikaishia hapo.

Binti mmoja wa form two, yule ambaye darasani humsikii kabisa, akaja na kikaratasi cha penseli: "Nyumbani mimi ndo napanda kufuta sola kwa sababu ya vumbi. Huko Mars nani anafuta?"

Sasa kuna mwenzangu alikiokota hicho kikaratasi mezani kwangu akakisoma kwa sauti ofisi nzima ikacheka, akasema madam unakula hela za wazazi kupeleka watoto wakaangalie nyota mchana, wafundishe mtihani. Iliniuma. Bado inaniuma, sitaki kudanganya.

Siku yenyewe ukumbi umejaa wanachuo, sisi nyuma kabisa na sare zetu, slaidi za mwanzo zilikuwa za wakubwa na wawili wangu wakalala fofofo, hiyo ni kawaida usiwaamshe kwa kelele. Yakafika maswali. Maiki inazunguka kwa wanachuo tu, binti kanyoosha mkono mpaka umechoka, ikabidi nisimame nimwambie kijana wa maiki na huku nyuma kuna watu. Akasimama, mkono wenye kikaratasi unatetemeka, akasoma vile vile alivyoandika. Ukumbi ukacheka.

Mhadhiri hakucheka. Alirudisha slaidi nyuma mpaka akapata picha ya Opportunity sola zimekuwa rangi ya udongo, akasema hakuna anayefuta mwanangu, kuweka kifaa cha kufuta ni kuongeza uzito na gharama kwa roboti iliyotegemewa kuishi miezi mitatu. Kilichoziokoa ni upepo na visulisuli, hivi hivi vinavyozoa makaratasi uwanjani kwetu kiangazi, vilikuwa vikipita vinaondoka na vumbi. Spirit ikadumu mpaka 2010, Opportunity mpaka Juni 2018 dhoruba ya vumbi ilipofunika sayari karibu yote jua likapotea. Afu akaongeza la InSight, chombo kingine cha sola kilichotua Mars na kukaa pale pale, ambacho nacho kilizidiwa na vumbi, mwaka 2021 wataalamu wakatumia mkono wa hicho chombo kumwaga mchanga karibu na sola ili upepo urushe zile chembe zikapige vumbi litoke, na umeme ukapanda kidogo. Roboti nyingine za Mars, Curiosity na Perseverance, hazina shida hiyo, zenyewe zinapata umeme kutokana na joto la plutoniamu, madini yenye mionzi.

Binti hajakaa! Akauliza tena, na hili halikuwa kwenye karatasi, kwa hiyo wakishamwaga wanajua saa hiyo hiyo kama limetoka? Akajibiwa hapana, mawasiliano yanachukua kama dakika 3 sayari zikiwa karibu na zaidi ya 20 zikiwa mbali, kwenda tu. Safari hii hakucheka mtu.

Kwenye kosta maandazi na ubuyu vinaliwa huku wanabishana, mmoja anasema ataijaribu hiyo ya mchanga kwao, mwenzake akamwambia baba yako atakuua.

Jamani walimu wenzangu, tuache kuwapanga watoto kwenye viti kama magunia afu tunarudi kulalamika hawana hamu ya kujifunza. Mtoto wa Bahi au Chamwino ana vumbi, ana sola, ana upepo, maswali anayo tele, sisi ndio tunamfundisha kuuliza ya kitabuni. Rudisha karatasi. Akileta tena la kitabuni rudisha tena. Na siku yenyewe wewe mkubwa ndo upiganie maiki, usimwachie mtoto apambane na wanachuo.

Yule mwenzangu siku hizi anauliza safari ijayo lini na yeye aje kusaidia kusimamia. Nimemwambia alete swali kwanza.

Barua ya wazazi ninayo kwenye simu, ukiitaka niandikie inboksi nikutumie, unabadilisha jina la shule na tarehe tu.