Kulala njiani kwa pikipiki: godoro kwanza, begi baadaye

Wiki hii msomaji mmoja ameleta swali ambalo hurudi kila msimu wa safari ndefu ukikaribia. Ana begi la kulalia lililoandikwa nyuzi -5, yaani baridi ambayo begi linasemekana kuihimili. Usiku ule haukufika hata karibu na hapo, ulikuwa wa nyuzi 6 tu, na bado alitetemeka mpaka kukakucha. Sasa anauliza anunue begi lipi zito zaidi.

Asinunue begi. Alilala juu ya godoro la kupuliza la kawaida, lile lisilo na kitu ndani ila hewa, na huko ndiko joto lake lilikokuwa likipotelea. Begi hukupa joto kwa hewa iliyonaswa kati ya nyuzi au manyoya yake. Ukilala, uzito wa mwili unaibana ile sehemu ya mgongoni, mabegani na makalioni, hewa inatoka, na kinachobaki chini yako ni matabaka mawili ya kitambaa. Begi zito litabanwa vilevile. Ukitaka kujua tatizo liko wapi, saa nane usiku ukiamka na baridi, ingiza mkono kati ya begi na godoro. Pakiwa pa baridi kama sakafu, begi halina kosa.

Namba ya kutafuta kwenye godoro ni R, inayoonyesha jinsi godoro linavyozuia joto lisipite. Kabla ya 2018 kila kiwanda kilipima kwa njia yake. Mwaka huo kikatoka kiwango kimoja cha kuipima R, ASTM F3340, na viwanda vingi vikaanza kukifuata, kwa hiyo namba za magodoro ya zamani usizilinganishe na za sasa. R ya 1 au 2 inafaa usiku wa joto tu. Kwa safari inayopita mabonde na milima, tafuta 3 hadi 4. Kama barafu ya alfajiri ni jambo la kutarajia, nenda 5 na kuendelea. Godoro tupu la hewa mara nyingi halizidi 1.

Uzuri ni kwamba namba hizi zinajumlishwa. Godoro jembamba la sponji ngumu lina R ya karibu 2. Ukiliweka chini ya godoro la kupuliza lenye R ya 3, umepata 5 bila kununua kitu cha ajabu. Sponji hiyo haipati pancha, inalilinda la juu dhidi ya miiba, na mchana ni kiti cha kukalia penye umande. Ubaya wake ni ukubwa: haikunjiki ikawa ndogo. Kwenye pikipiki hilo si tatizo kubwa, maana inafungwa nje juu ya mizigo na mvua haiwezi kuingia ndani yake. Hakikisha tu ni ile ya vitundu vilivyofungwa. Sponji laini ya magodoro ya nyumbani hunywa maji na kukaa siku tatu haijakauka.

Wanaokwepa suala hili kwa kununua kitanda cha kukunja chenye miguu, au kitanda cha bembea cha kufunga mitini, wanakutana nalo mbele. Hapo hewa baridi inapita moja kwa moja chini ya mwili usiku kucha. Kitanda cha miguu bado kinahitaji godoro lenye R ya maana. Bembea inahitaji blanketi maalumu linaloning'inia nje, chini yake, ili mwili usilibane. Na kama njia yako inapita nyika, miti miwili iliyoachana mita 4 au 5 unaweza usiione.

Tukishamaliza la chini ndipo turudi kwenye begi. Kiwango cha kupima mabegi ya kulalia, ISO 23537, kilichochukua nafasi ya EN 13537 mwaka 2016, kina namba tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya starehe, inayopimwa kwa mwanamke wa wastani aliyelala bila kujikunja. Ya pili ni ya kikomo, ya mwanamume wa wastani aliyejikunja na bado anapata usingizi. Ya tatu ni ya hatari, maana yake hutakufa kirahisi, lakini kulala usahau. Namba kubwa iliyochapwa kwenye mfuko mara nyingi ni ya pili, na kwa wauzaji wasio na aibu ni ya tatu. Nunua kwa ile ya starehe, na uiache chini ya baridi unayotarajia kwa nyuzi 5 hivi. Tena kumbuka kwamba vipimo hivyo vyote hufanywa begi likiwa juu ya godoro lenye kinga nzuri. Ukiondoa godoro, umeiondoa na namba.

Baridi unayotarajia nayo ihesabiwe. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1000 unazopanda. Mji wa chini ukiwa na nyuzi 18 usiku, kambi iliyo mita 1500 juu yake itakuwa na karibu nyuzi 8. Halafu hewa baridi ni nzito, hushuka na kutuama bondeni, kwa hiyo kiwanja kizuri kando ya mto ndicho huwa na baridi zaidi alfajiri na umande mwingi zaidi. Panda mita 20 au 30 ubavuni mwa kilima na utaona tofauti.

Manyoya ya bata au nyuzi za poliesta? Kwa pikipiki manyoya yana faida kubwa, kwa sababu shida yetu ni nafasi kuliko gramu, na begi la manyoya linajikunja likawa nusu ya lile la poliesta lenye joto sawa. Lakini yakilowa yanashikana na joto linaisha, wakati poliesta iliyolowa bado inasaidia kiasi. Kwa hiyo masharti ya manyoya ni mfuko usiopitisha maji, ule wa kuviringisha mdomo. Viringisha angalau mara 3 kabla ya kufunga kifungo. Ukiviringisha mara moja, mvua inayopigwa na upepo wa kilomita 90 kwa saa itapata njia. Uwe pia na seti moja kavu ya kulalia, soksi zikiwemo, ambayo haivaliwi barabarani hata siku moja. Nguo uliyoendeshea imebeba jasho hata kama unaiona kavu.

Hema lenyewe ndilo watu hulijadili sana, na ndilo lenye la kusema kidogo. Mtu mmoja achukue hema la wawili. Jaketi, suruali ya kuendeshea, buti, glavu, helmeti na begi la kufunga juu ya tangi la petroli vinakula nafasi ya mtu mzima, na hakuna kati ya hivyo unachotaka kukikuta kimelowa asubuhi. Tafuta lenye kibaraza upande wa mlango, ambapo buti zitakaa nje ya chumba cha kulala lakini mahali mvua isipofika. Lipendelee linalosimama lenyewe kwa fito, maana utalala kwenye changarawe na saruji ambako kigingi hakiingii. Kitambaa cha juu kiwe na kipimo cha maji (kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja) cha milimita 1500 au zaidi, sakafu 3000 au zaidi, kwa sababu goti lako linasukuma maji kwa nguvu kuliko mvua. Mahema makubwa yenye chumba cha kuingizia pikipiki ni mzigo wa bure: unabeba kilo za ziada ili ulale na harufu ya petroli.

Kipimo ambacho wauzaji hawakitaji ni urefu wa fito zikiwa zimekunjwa. Fito za sentimita 55 haziingii kwenye sanduku la pembeni lenye upana wa 45, hata ufanyeje. Pima sanduku kwa ndani kabla ya kulipa. Kama tayari unalo hema la fito ndefu, tenganisha: kitambaa kisukumize sandukuni, fito zifungwe sambamba na mzigo wa juu ndani ya mfuko wake mgumu.

Turubai la kutandika chini ya hema lisitokeze nje hata kidole kimoja. Likitokeza, linakinga mvua yote inayoteremka ukutani na kuiingiza chini ya sakafu, nawe utalaumu hema. Likunje ndani sentimita 5 kila upande. Matone unayoyaona asubuhi upande wa ndani wa kitambaa mara nyingi hayajavuja kutoka nje, ni pumzi yako iliyogusana na kitambaa baridi. Acha tundu za hewa wazi hata kukiwa na baridi, kwa sababu begi lenye unyevu ni baridi kuliko upepo kidogo.

Vigingi vya waya vinavyokuja na hema vingi havina maana. Beba vya alumini vyenye umbo la Y kwa udongo wa kawaida, na misumari minne minene ya chuma ya sentimita 20 kwa ardhi ngumu. Kwenye mchanga jaza mfuko mchanga, ufunge kamba, uufukie.

Pikipiki isilale jirani na hema. Stendi ya pembeni huzama polepole udongo ukilowa, na uangukaji wake hutokea usiku. Weka chini yake kibamba cha plastiki ngumu au cha bati chenye upana wa kiganja, geuza pikipiki itazame mlima, gea ya kwanza, na iwe mbali kiasi kwamba ikianguka haigusi kamba za hema. Ukitaka kuitumia kufungia turubai la kivuli, fungia upande ilikoegemea stendi. Upande wa pili upepo unaweza kuivuta ikasimama wima na kuendelea hadi chini.

Sasa kupakia, ambako ndiko vifaa vizuri huharibika. Kitabu cha pikipiki kina uzito wa juu unaoruhusiwa. Toa uzito wake ikiwa na tangi lililojaa. Kinachobaki ndicho cha dereva, abiria, nguo na mizigo yote. Keria ya nyuma ina kikomo chake, mara nyingi kati ya kilo 5 na 10, na sababu si uimara wa vyuma tu. Uzito uliopita nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma unanyanyua mbele kama nyenzo, na usukani unaanza kucheza ukiongeza mwendo. Maji, vifaa vya ufundi na vyakula vya makopo vikae chini kwenye masanduku ya pembeni, vikisogezwa mbele kadiri inavyowezekana. Juu ya keria weka begi la kulalia na godoro, yaani vikubwa visivyo na uzito. Mfuko mrefu ulazwe kwa upana juu ya kiti, ukigusa mgongo wako.

Kamba za raba zenye kulabu ziache. Zinalegea mzigo ukitikisika, na kulabu ikichomoka inatafuta jicho. Tumia mikanda isiyovutika yenye kifungo cha kukazia: miwili ikatize juu ya mzigo, wa tatu uzuie usiteleze kwenda nyuma. Ncha zinazobaki zikunjwe na kufungwa, zisipepee hata moja, kwa sababu mkanda ukimezwa na mnyororo gurudumu linaweza kukwama papo hapo. Simama baada ya kilomita 20 za kwanza ukaze tena, maana mifuko laini hujipanga na kupungua. Na unapopima nafasi kati ya mfuko na ekzosi, mwambie mtu mzito akalie kiti kwanza. Nafasi ya sentimita 10 pikipiki ikiwa tupu inaweza kuwa 3 kwenye shimo, na nailoni nyingi huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi, joto ambalo ekzosi hulifikia bila jasho. Ukishapakia, ongeza ukakamavu wa shokapu na upepo wa matairi kama kitabu kinavyoagiza kwa mzigo kamili, kisha angalia taa ya mbele, maana nyuma ikishuka yenyewe inamulika macho ya wanaokuja.

Mpangilio ufuate utaratibu wa kufika: hema juu kabisa, ili ukifika mvua inanyesha ulitoe bila kufungua kitu kingine. Kitambaa kilicholowa kiwe na mfuko wake peke yake, na kianikwe mchana mnaposimama kula. Dakika 20 za jua zinatosha mara nyingi.

Godoro likianza kulegea usiku, usikimbilie kutafuta pancha. Hewa uliyoipuliza jioni ikiwa vuguvugu imepoa na kusinyaa. Ongeza kidogo kabla ya kulala. Likiwa chini kabisa ukiamka, hapo kweli kuna tundu. Lijaze hewa hadi likakamae, paka maji ya sabuni, anza na valvu halafu mishono, tafuta mapovu, weka alama. Likauke, lisafishe kwa spiriti, kisha kiraka na gundi ya polyurethane, na uliache saa nne au zaidi bila kulijaza. Solusheni ya matairi usiipake: ni ya mpira, kwenye kitambaa cha godoro inabanduka ikishakauka. Pulizia kwa mfuko wa kujazia badala ya mdomo, kwani mvuke wa pumzi hubaki ndani na kuotesha ukungu.

Ukirudi nyumbani, begi la manyoya litoe kwenye mfuko wa kubania na ulitundike au ulitandaze, godoro la kujijaza lenyewe lihifadhiwe limenyooshwa na valvu ikiwa wazi. Hema lianikwe tena hata kama unaamini limekauka, hasa mishono ya sakafu, kwa kuwa hapo ndipo ukungu huanzia na ndipo tabaka la kuzuia maji huanza kubanduka.