Usiagize Mlango wa Gereji Ukuta Ungali Mawe Matupu

Usilipe hiyo arubuni. Umesema gereji yako ya Syokimau bado haijapigwa plasta, sakafu ni zege tupu, umepima mara moja ukapata upana wa milimita 2440 na kimo cha 2130, na muuzaji anataka uagize kabla ya wiki kuisha. Umeuliza pia kuhusu mota na rangi isiyochujuka juani. Hayo yangoje. Vipimo ulivyonavyo ni vya uwazi ambao hautakuwepo siku mlango utakapoletwa.

Piga hesabu pamoja nami. Plasta ya milimita 15 kila upande inakula 30, kwa hiyo 2440 inabaki 2410. Plasta ya chini ya linta, ile boriti ya juu ya uwazi, inashusha 15. Skridi ya sakafu, yaani tabaka la saruji la kusawazishia, inapandisha 50, taili na gundi yake 15 nyingine. Jumla ni 80 kwenye kimo: 2130 yako imekuwa 2050.

Kama ni mlango wa fremu inayokaa katikati ya kuta, wa 2440 hauingii kwenye 2410, kwisha. Fundi atachukua patasi abomoe plasta uliyokwisha kuilipia, na kona zitapasuka. Kama ni ule wa vipande unaopanda na kulala chini ya slabu (dari ya zege), watakwambia hauna shida kwa sababu unakaa nyuma ya ukuta. Upande wa upana wana haki, lakini hasara iko juu. Mlango wa 2130 ukisimama kwenye sakafu iliyomalizika, kichwa chake kinapita linta kwa milimita 80. Tuseme kati ya linta na slabu ulikuwa na 350, ukajua inatosha, maana reli za kawaida na springi yake huomba kama 300 au zaidi juu ya mlango. Sakafu imeupandisha mlango kwa 65, sasa umebaki na 285. Mlango unafika kwenye kona ya reli na hakuna mahali pa kugeukia.

Hapo ndipo utaambiwa ukate kipande cha chini. Usikubali. Springi hupimwa kulingana na uzito wa mlango. Ukiupunguza, mlango unajirusha juu wenyewe na hautulii chini. Kubadilisha reli ziwe za nafasi finyu kunawezekana, lakini hizo ni reli nyingine, mara nyingi na springi nyingine, na bei nyingine. Mlango uliotengenezwa kwa vipimo vyako nao haurudishwi.

Inaniudhi kwamba wauzaji wanalijua hili vizuri. “Plasta ni kitu kidogo, fundi atarekebisha.” Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, na aliyeyasema alikuwa ameshika pesa zangu tayari. Anayekuuzia mlango bila kukuuliza kama sakafu imemalizika hauzi mlango, anauza risiti. Namba zako zenyewe zilipaswa kumshtua: 2440 kwa 2130 ni futi 8 kwa 7, yaani ni namba za mchoro. Ukuta wa mawe ya Nairobi hautoki sawasawa na mchoro hivyo, hata fundi awe hodari namna gani.

Plasta ikikauka na sakafu ikiisha, ndipo uchukue tepu ya chuma. Upana pima mara tatu: chini, katikati, na chini ya linta. Kimo pima mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Mlango wa katikati ya kuta hufuata namba ndogo kuliko zote. Wa nyuma ya ukuta hufuata kubwa, kwa kuwa lazima ufunike pale palipo papana zaidi. Kisha pima kona kwa kona, mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya milimita 10, uwazi umekaa mshazari, na ni heri plasta irekebishwe kabla ya oda.

Sakafu ipime usawa wake kwa mpira wa maji, ule wa fundi unaoonyesha maji ndani, kutoka ukuta hadi ukuta. Mteremko wa kuelekea nje ni mzuri, milimita 10 kwa kila mita, ila kushoto na kulia pawe sawa. Raba ya chini ya mlango hufidia milimita chache tu.

Ukiwa ndani, hakikisha kuna angalau milimita 100 wazi kila upande wa uwazi kwa ajili ya reli. Juu usipime hadi slabu, pima hadi kitu kilicho chini kuliko vyote: boriti inayoning'inia, taa, au bomba la choo cha ghorofani. Watu husahau hilo bomba kila siku. Kwenda nyuma, reli hutaka kimo cha mlango na kama milimita 450 zaidi.

Andika kila kitu kwa milimita. Fundi wako atasema inchi, karakana ya Eneo la Viwanda itasoma milimita, na mmoja kati yao atakosea kubadilisha. Chora umbo ukiwa umesimama ndani unatazama nje, uandike hivyo juu ya karatasi, la sivyo kushoto kwako kutakuwa kulia kwao.

Muuzaji akikutisha na bei, mwombe aandike kwenye nukuu ya bei kwamba vipimo vya mwisho vitachukuliwa na mtu wake baada ya plasta na sakafu. Akikataa, tafuta mwingine. Na kabro ya nje (matofali ya kutandaza uani) ikae chini ya sakafu ya gereji, isilingane nayo, maana mvua za Machi hadi Mei hazingojei raba ishike. Ukishapima upya, weka hapa namba zote sita na zile mbili za kona kwa kona, tuzipitie kabla hujatoa shilingi.