Mnyororo wa Meli Mlangoni mwa Duka

Mhariri, mbukwa kutoka Chang'ombe, Dodoma. Wiki hii mmetuuliza: "Ni lini ulinunua kitu, baadaye ukagundua si wewe uliyeamua kukinunua?" Wengi watawajibu kama wanunuzi. Mimi niko upande wa pili wa kaunta. Nina duka la rejareja, huu ni mwaka wa kumi na tisa, na nikiri mapema kwamba nimewauzia watu vitu vingi ambavyo hawakuvijia.

Nianze na rangi. Ukuta wa duka langu ulikuwa wa chokaa, na juu ya mlango marehemu kaka yangu aliandika jina la duka kwa brashi, herufi zikipanda kidogo kuelekea kulia kwa sababu ngazi ilikuwa inayumba. Siku moja akaja kijana na gari la kampuni, fulana mpya, maneno laini. Watanipakia rangi bure, mbele na ubavuni, na jina wataliandika upya. Nani anakataa rangi ya bure? Jioni duka lilikuwa jekundu kama nyanya, nembo yao kubwa kama mlango, jina langu limewekwa kona ya chini, mpaka uiname ndiyo ulisome. Tangu hapo wateja hawaelekezani tena kwa jina la kaka, wanasema "pale penye duka jekundu". Kodi ya fremu nalipa mimi.

Kijana yule ndiye aliyenipa elimu ya biashara ambayo sikuipata kwingine. "Mzee, friji lisikae ndani. Liweke mtu anaposhukia bodaboda." "Pipi zikae usawa wa macho ya mtoto, si ya mama yake." Nikafanya. Basi ukikaa kimya ukaangalia utaona maajabu. Mtu anashuka saa saba mchana, jua la Dodoma unalijua, vumbi limemjaa kooni, anaona chupa inatoka jasho kwenye kioo, anacheka: "Yaani nilikuwa naiwaza sasa hivi!" Anaona bahati imemkuta njiani. Bahati ipi, na friji nilihamisha mimi kwa mikono yangu?

Halafu kuna ule msimu wa zawadi chini ya kizibo. Kulikuwa na fundi pikipiki hapa mtaani, soda yenyewe hata haipendi. Alikuwa akibandua ule utando wa ndani kwa ukucha wa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayefungua barua ya mahakama. Jaribu tena. Anawapa vijana wake wanywe, anaagiza nyingine. Siku alipopata chupa moja ya bure alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, na wiki hiyo niliishiwa soda mara mbili. Vizibo vya wasiopata vilibaki mchangani mbele ya duka. Asubuhi moja nikifagia nilianza kuvihesabu, nilipofika mia mbili nikaacha.

Msije mkadhani kwa kujua haya mimi ni mjanja. Kuna mzee wa Singida ninayenunua kwake mafuta ya alizeti kwa madumu. Asubuhi moja tulikubaliana kwa simu nimtumie shilingi 160,000. Saa nne na nusu meseji ikaingia: "Ile hela itume kwenye namba hii." Nakumbuka nilisema kwa sauti, huyu mzee ana baraka, ndiyo kwanza nilikuwa nashika simu nimtumie. Nikatuma. Jioni akapiga mwenyewe: "Mdogo wangu, vipi, mbona kimya?"

Nilichukua siku kadhaa kuelewa. Tapeli hakujua chochote kuhusu alizeti. Meseji ile ile inapelekwa kwa maelfu ya watu, na katika maelfu hakosekani aliyeahidi mtu hela asubuhi hiyo hiyo. Kwake ni hesabu, kwangu ilikuwa ishara. Mwalimu wa hesabu anayenunua mkate hapa aliniambia jambo ambalo sikulikubali: ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa kupata wawili wenye tarehe moja ya kuzaliwa umeshapita nusu. Nikabisha. Tukafungua daftari la madeni, kila mdaiwa akija tunamuuliza, mpaka wakafika 23. Wawili walikuwa wa tarehe 9 Desemba, Siku ya Uhuru. Mmoja wao hajalipa tangu Pasaka.

Kwa hiyo siku hizi jambo likinijia kwa wakati wake kamili, swali langu la kwanza ni: nani alikuwa ananisubiri hapa? Mara nyingi yupo. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 mabango yameota mjini kama uyoga, na kila bango linajua linamsubiri nani.

Lakini kuna bahati moja ambayo hadi leo sijamwona aliyekuwa akinisubiri.

Mlango wa duka langu nauzuia usipigwe na upepo kwa pete ya chuma, nene kuliko mkono wangu, nzito kiasi kwamba watoto wanashindana kuinyanyua. Ilikuwa nyumbani kwa baba. Alikuja nayo kutoka Kongwa, hapa hapa mkoani Dodoma, alikokuwa kibarua kwa wale aliowaita Wazungu wa karanga. Sisi tulikua tunajikwaa nayo usiku, tunaitukana, basi. Hatukuuliza ni ya nini.

Masika iliyopita mjukuu wangu alikuwa amekaa juu ya kreti la soda akisoma kwa sauti makaratasi ya mradi wa historia aliyopewa shuleni. Mradi wa karanga wa Kongwa. Ulianza 1947, ukiwa na ndoto ya kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Nilikuwa napima sukari, nasikiliza nusunusu. Akasoma kwamba vichaka vya Ugogo viliwashinda, baadhi ya matrekta yalikuwa yameundwa kwa mabodi ya vifaru vya vita, na ili kung'oa miti wakafunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili na kuuburuza.

Nikaacha kupima. Tukatazama mlangoni wote wawili.

"Babu, sasa huku meli ilitoka wapi?"

Na hapo hapo, kabla sijafumbua mdomo, mtoto wa jirani akaingia na kisosi mkononi: "Shikamoo. Mama kasema nipe blubandi ya mia mbili."

Sijui kama mnaielewa saa ile. Uingereza ilikuwa imetoka vitani haina mafuta ya kula, siagi na majarini vilikuwa vya mgawo, na viliendelea kuwa vya mgawo mpaka 1954. Wazo la karanga lilipelekwa serikalini 1946 na Frank Samuel, bosi wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Karanga zikamuliwe, Mwingereza apate cha kupaka kwenye mkate wake. Ardhi ya Kongwa wakati wa kiangazi inakauka kama saruji, mvua nazo zina hiari yake. Mwaka 1951 wakafunga mradi, zaidi ya pauni milioni 30 zimezama. Baba akarudi na pete moja. Na Blue Band, jina ambalo hapa tunaita majarini yoyote hata ikiwa ya kampuni nyingine, lilikuwa mali ya Unilever hadi 2018. Kwa hiyo baba aling'oa mibuyu ili Mzungu apake mkate, na mwanawe anamchotea mtoto wa Kigogo majarini kwa kijiko, kwenye kisosi, huku karanga zenyewe zimelala kwenye debe hatua mbili kutoka hapo na mama yake hakumtuma karanga.

Nilimchotea. Nikaongeza kidogo.

Wiki ile mke wangu alianza kukaanga karanga alizotuletea shemeji kutoka Kongwa, tukazisaga, tukajaza kwenye chupa. Mwezi mzima hazikutoka. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubao: SIAGI YA KARANGA ZA KONGWA. Anayeuliza namwonyesha pete, namsimulia habari ya baba na meli. Jamani, zikaanza kutoka. Na ubao niliuweka, ndiyo, pale mtu anaposhukia bodaboda.

Juzi alikuja dada mmoja, mtumishi wa wizara, anatoka kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali. Nilimsimulia yote. Aliinama akaishika pete kwa mikono miwili, akaipiga picha, akasema, "Baba, unajua leo nilikuwa namkumbuka babu yangu, naye alikuwa kibarua. Hii si bure." Akanunua chupa tatu.

Habari ya pete ni ya kweli yote. Lakini karanga za shemeji zilikuwa zimeisha siku nyingi. Zile za kwenye chupa nilizinunua soko la Majengo, na muuzaji mwenyewe hakujua zimelimwa wapi. Nilimrudishia chenji yake, akaenda zake. Ubao sijaufuta.